Istilahi za Uelekezaji Njia: Historia Fupi kwa Mfano wa Songea

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya fikra moja na ya maneno yanayoibeba fikra hiyo katika Kiswahili. Fikra yenyewe ni ya kuelekeza njia, yaani namna ujumbe, mzigo au msafiri anavyojulishwa apite wapi ili afike aendako, hasa pale ambapo njia ni zaidi ya moja na mojawapo yaweza kukatika bila taarifa. Katika mitandao ya kompyuta kazi hiyo hufanywa na ruta na swichi zilizomo katika ofisi, vyuo, benki na hospitali zetu. Fundi anayezipanga hutakiwa kuugawa mtandao wake katika sehemu maalumu, na jina la sehemu hizo ndilo lililotuletea mjadala wa istilahi ambao bado haujatulia.

Tumeuchagua mji wa Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, kwa sababu mbili. Kwanza, historia ya Songea kwa kiasi kikubwa ni historia ya njia: zilizofunguliwa, zilizofungwa, na zilizosubiriwa kwa miaka mingi. Pili, fundi aliye mbali na Dar es Salaam hutegemea kitabu zaidi kuliko mwenzake aliye mjini mkuu. Kitabu hicho kikiwa katika lugha asiyoimudu vema, kosa dogo la kufahamu neno huweza kugeuka kuwa ofisi nzima isiyo na mawasiliano. Tutaonyesha hapa chini kwamba jambo hilo si la kudhania tu.

2. Enzi ya kirangozi

Kabla ya utawala wa kikoloni, misafara ya wafanyabiashara ilitoka Kilwa na kukata nchi ya kusini hadi Ziwa Nyasa, ikichukua nguo na baruti, na kurudi na pembe za ndovu na, kwa masikitiko makubwa, watumwa. Mbele ya msafara alitembea kirangozi. Huyu ndiye aliyejua kijito kipi kina maji wakati wa kiangazi, mtumba gani utapita wapi, na mtawala yupi adaiye hongo. Wapagazi waliofuata nyuma hawakuhitaji kujua njia. Walihitaji kuuona mgongo wa aliyetangulia.

Kwa jicho la mtaalamu wa mitandao, huo ndio uelekezaji wa aina ya kwanza. Njia yote imo kichwani mwa mtu mmoja, nayo imekwisha kuamuliwa kabla ya safari. Faida yake ni urahisi. Hasara yake huonekana mto unapofurika au kirangozi anapougua: msafara husimama hadi mtu aje kuamua upya. Ruta zinazopangwa kwa mkono, njia moja moja, hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Fundi huandika kwamba ujumbe wa kwenda mahali fulani upite mlango fulani, na maandishi hayo hubaki vilevile hata kama waya ulio mbele ya mlango huo umekatika. Aina hii tunaiita uelekezaji tuli.

Wajerumani walipojenga boma lao Songea mwaka 1897, na wamisionari wa Kibenediktini walipoanza Peramiho mwaka 1898, njia nyingi zilianza kupimwa kutoka bomani. Neno "boma" lenyewe lilipata maana mpya, ya mahali ambapo amri hutoka na habari hurudi. Msomaji alikumbuke neno hilo, maana fikra ya kitovu ambacho kila njia sharti ikiguse itarejea mbele.

3. Habari za kuenezwa

Mwaka 1905 nchi ya kusini ilishuhudia namna nyingine kabisa ya kupeleka habari. Kabla Wamatumbi hawajaanza kung'oa pamba mwishoni mwa Julai mwaka huo, habari za maji na za umoja zilikuwa zimekwisha kuenea kwa mnong'ono ulioitwa Njwiywila. Kila aliyeusikia aliupeleka kwa jirani yake, na jirani kwa jirani, hata ukavuka mipaka ya makabila na lugha. Ungoni maji yaliletwa na mjumbe aliyejulikana kwa jina la Kinjala. Vita vilipozimwa, viongozi wengi wa Wangoni walinyongwa Songea mwaka 1906, miongoni mwao Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu unaitwa kwa jina lake.

Hatusemi kwamba vita vile vya ukombozi na mitambo ya leo ni kitu kimoja. Kusema hivyo kungekuwa kuwakosea heshima wazee wetu. Tunachosema ni kwamba watu wa kusini waliijua mapema kanuni ambayo wahandisi wa mitandao waliifikia miaka zaidi ya sabini baadaye: kwamba habari yaweza kuifikia nchi nzima bila kupitia bomani, iwapo kila mmoja ataipokea, ataihifadhi, na ataipeleka kwa majirani zake wote isipokuwa yule aliyemletea.

Vitabu vya Kiingereza huiita kazi hiyo kwa neno lenye maana ya mafuriko. Wapo wafasiri wetu wanaoandika "mafuriko" au "kufurisha". Tuonavyo sisi, tafsiri hiyo haifai. Kwa Mtanzania, mafuriko ni maafa. Na fundi akisoma kwamba swichi imeleta mafuriko atadhani ina hitilafu, kumbe inafanya kazi yake barabara. Neno "uenezaji" linatosha na halimtishi mtu.

4. Enzi ya simu na tarakimu za eneo

Neno "simu" lilitufikia kutoka Kiajemi, ambako asili yake ni waya. Waya ulikuja na swichibodi, na swichibodi ilikuja na mwendeshaji, ambaye kwa hakika alikuwa kirangozi aliyeketi kitini. Aliyetaka kuzungumza na mtu wa Dar es Salaam alimwomba mwendeshaji, akangoja, na mwendeshaji akatafuta njia iliyo wazi. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, kazi hiyo nchini mwetu ilichukuliwa na Shirika la Posta na Simu Tanzania, hadi shughuli za posta na za simu zilipotenganishwa kuanzia mwaka 1994.

Mitambo iliyojiendesha yenyewe ilipochukua nafasi ya mwendeshaji, njia iliandikwa katika namba. Katika mpango wa namba za simu za mezani, tarakimu 022 huelekeza Dar es Salaam, na tarakimu 025 huelekeza Mbeya, Rukwa na Ruvuma. Mtambo wa Dar es Salaam haukuhitaji kuijua kila nyumba yenye simu mjini Songea. Ulihitaji kujua jambo moja tu: namba ikianza na 025, ipelekwe upande wa Nyanda za Juu Kusini, na huko watajuana wenyewe.

Hapa pana mambo mawili ambayo mwana-istilahi apaswa kuyashika. La kwanza ni muhtasari: maelfu ya namba yanatajwa kwa tarakimu tatu. La pili ni kwamba mpaka wa kundi hilo haukufuata mpaka wa serikali wala wa kabila, bali ulifuata kazi. Ruvuma iliwekwa pamoja na Mbeya kwa sababu wapangaji wa simu waliona hivyo inafaa. Katika shughuli nyingine Ruvuma huhesabiwa pamoja na Lindi na Mtwara. Sehemu moja ya nchi huwa katika kundi hili kwa kazi hii, na katika kundi lile kwa kazi ile.

5. Ramani moja kwa wote

Mwaka 1956 mtaalamu wa hesabu wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, alijiuliza swali ambalo dereva yeyote wa lori hujiuliza: ipi ni njia fupi kuliko zote kutoka mji mmoja hadi mwingine, yaani kutoka Rotterdam hadi Groningen? Jibu lake alilichapisha mwaka 1959. Kwa ufupi, lilisema: ukiwa na ramani kamili ya miji na urefu wa kila barabara, unaweza kupata njia fupi ya kwenda kila mji kwa kuanza na mji ulio karibu zaidi na kupanuka hatua kwa hatua.

Miaka ishirini baadaye hesabu hiyo iliingizwa katika mtandao wa ARPANET wa Marekani. Hapo awali kila kituo cha mtandao huo kilimwambia jirani yake tu umbali wake hadi kila mahali, na jirani aliamini bila ya kuona. Habari njema zilienea upesi, lakini habari za njia iliyokatika zilichelewa, na ujumbe ulizunguka bila kufika. Tangu mwaka 1979 vituo vilianza kufanya kinyume: kila kimoja kilieneza kwa wote hali ya viungo vyake chenyewe, na kila kimoja kikajichorea ramani nzima. Kutokana na fikra hiyo ilizaliwa itifaki ya OSPF, ambayo waraka wake wa kwanza ulitolewa mwaka 1989. Waraka wa mwaka 1998, ulioandikwa na John Moy, ungali msingi wa toleo la pili la itifaki hiyo, ambalo swichi nyingi za taasisi hulitumia.

Lakini ramani ya wote ina gharama yake. Ruta zikiwa nyingi, kila kiungo kinapokatika popote, zote hulazimika kuichora ramani upya. Wabunifu wa itifaki hiyo walilitatua jambo hili kwa kuugawa mtandao. Ndani ya kila sehemu, ruta zote zinajua kila kiungo. Nje ya sehemu hiyo hupelekwa muhtasari peke yake. Sehemu moja, inayopewa namba sifuri, ndiyo kitovu, na kila sehemu nyingine sharti iiguse. Habari kutoka sehemu ya 1 kwenda sehemu ya 2 hupitia sifuri. Hakuna njia ya mkato.

Tuchukue mfano. Taasisi moja ina ofisi kuu mjini Songea, na matawi Mbinga, Namtumbo na Tunduru. Ofisi kuu ina swichi inayoweza kuelekeza njia. Fundi huipa swichi hiyo namba ya utambulisho, huiwasha itifaki, kisha hutaja kila mtandao mdogo na sehemu uliomo: wa ofisi kuu sehemu 0, wa Mbinga sehemu 1, wa Namtumbo sehemu 2. Milango inayoelekea meza za watumishi huifanya kuwa milango kimya, ili mazungumzo ya ruta yasifike kwenye kompyuta za watu. Na kama alikuwa na busara ya kupanga anwani mapema, akaipa Mbinga anwani zote kuanzia 10.25.16 hadi 10.25.31, basi mitandao midogo 16 hutangazwa nje kwa tangazo moja, kama vile tarakimu 025 zilivyoitangaza mikoa mitatu.

6. Neno "eneo" na madhara yake

Sehemu hizo tunazozisema huitwa kwa Kiingereza kwa neno ambalo kila kamusi hulifasiri "eneo". Wafasiri wengi wameishia hapo. Hebu tuone linavyofanya kazi.

Tawi la Tunduru liko mbele ya Namtumbo, na waya wa kwenda huko unapitia Namtumbo. Fundi aliyefundishwa kwamba kila "eneo" lipewe namba yake hufikiri kama raia mwema: Tunduru ni wilaya nyingine, ni eneo jingine, basi ni eneo la 3. Anaunganisha eneo la 3 na eneo la 2 pale Namtumbo. Taa za swichi zinawaka kijani. Ruta za Namtumbo na Tunduru zinasalimiana na kukubaliana. Waya ni mzima. Hata hivyo, Tunduru haipati njia ya kwenda Songea, wala Songea haipati njia ya kwenda Tunduru, kwa kuwa sehemu ya 3 haikuigusa sifuri. Fundi atabadili waya, atabadili swichi, atazima na kuwasha, na watu watalala bila mawasiliano. Kumbe kosa halimo katika chombo chochote. Limo katika neno.

Dawa yake ni rahisi kwa aliyeelewa: kuiweka Tunduru ndani ya sehemu ya 2 pamoja na Namtumbo, au kuisogeza sifuri hadi Namtumbo. Lakini dawa hiyo haimjii mtu anayeamini kwamba sehemu ni mahali. Sehemu hii ni mapatano ya nani ajue ramani nzima pamoja na nani.

Aidha, neno "eneo" limekwisha kuchukuliwa. Katika Kiswahili cha kompyuta tunasema "mtandao wa eneo" kwa mtandao wa jengo au kiwanja kimoja, na "mtandao wa eneo pana" kwa ule unaovuka miji. Hapo maana yake ni mahali hasa. Kulitumia neno lilo hilo kwa maana ya pili, katika ukurasa ule ule wa kitabu, ni kumtegea msomaji.

Maneno mengine yamependekezwa. "Jimbo" limeshikwa na uchaguzi. "Wilaya" na "kata" zina mipaka ya kisheria, na zitaleta kosa lile lile la Tunduru. "Mtaa" ni neno zuri, kwa kuwa katika mtaa watu hujuana nyumba kwa nyumba, na wa nje huujua mtaa kwa jina tu. Lakini mtaa ni mdogo, ilhali sehemu hizi zaweza kuchukua mkoa mzima au zaidi.

Sisi tunalipendelea neno "kanda". Mtanzania anajua kwamba kanda huchorwa kwa ajili ya kazi, na kwamba kanda za shirika hili si lazima zilingane na kanda za shirika lile. Mkazi wa Songea analijua hilo kuliko wengi, kwa kuwa mkoa wake huhamishwa kutoka kanda hii hadi kanda ile kila daftari jipya linapofunguliwa. Akiambiwa kwamba Tunduru na Namtumbo ziwe kanda moja, hatashangaa. Wapo watakaosema kwamba kanda ni pia ya sauti au ya video. Ni kweli, lakini muktadha hautaruhusu mtu kuchanganya mambo hayo mawili, kama usivyoruhusu kuchanganya mbuzi wa nyama na mbuzi wa kukunia nazi.

7. Mkongo, uti wa mgongo na shina

Kanda namba sifuri ina jina la Kiingereza lenye maana ya uti wa mgongo. Neno hilohilo la Kiingereza lilipotumika kwa mtandao mkuu wa taifa wa nyuzi za kioo, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, Serikali iliuita kwa Kiswahili Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Neno "mkongo" limeenea upesi kuliko istilahi nyingi zilizokaliwa vikao. Magazeti yanasema "mkongo wa baharini", na wananchi wanalielewa.

Kwa sababu hiyo hiyo haliwezi kutumika hapa. Katika masikio ya watu mkongo umekuwa kitu cha kushikika: ni waya mnene uliofukiwa kando ya barabara au kulazwa baharini, nao waweza kukatwa kwa sururu. Kanda sifuri haishikiki. Yaweza kuwa ndani ya swichi moja iliyo kabatini. Fundi akisoma "kanda ya mkongo" atadhani inahusu laini iliyokodishwa kutoka kampuni ya simu.

"Shina" nalo lingefaa kwa mfano wa mti: matawi yote hukutana shinani. Lakini katika siasa yetu, tangu TANU ilipoanzisha mfumo wa nyumba kumi katika miaka ya 1960, shina limekuwa ngazi ya chini kabisa, na tawi liko juu yake. Anayelisikia neno hilo hataliweka katikati ya kila kitu. Kwa hiyo tunapendekeza "kanda kuu", na pale namba inapohitajika, "kanda sifuri".

Hata hivyo mfumo wa nyumba kumi umetuachia zawadi nyingine. Balozi wa nyumba kumi alizijua nyumba zake zote, na alipokwenda kikaoni hakusoma majina ya watoto wa kila nyumba. Alitoa taarifa ya jumla, akarudi na taarifa ya jumla. Ruta iliyo katikati ya kanda mbili hufanya kazi hiyo hasa. Ina ramani mbili, nayo hutoa muhtasari wa upande mmoja kwa upande wa pili. Katika kufundisha tunaweza kuieleza kwa mfano wa balozi, ingawa kama istilahi tunaona "ruta ya mpakani" ni wazi zaidi.

8. Maneno ambayo Kiswahili kilikuwa nayo tayari

Yapo maneno ya itifaki hii ambayo hayahitaji kikao. Ruta mbili zinazogusana huitwa majirani. Kila baada ya sekunde 10, kwa kawaida, hupeana salamu. Salamu zikikosekana kwa sekunde 40, jirani huhesabiwa kuwa hayupo, na habari hiyo huenezwa. Ili ujirani uwepo, wote wawili sharti wakubaliane juu ya namba ya kanda iliyo baina yao na juu ya muda wa salamu. Vinginevyo watapitana kimya. Hakuna Mswahili atakayehitaji kueleweshwa maana ya salamu isiyoitikiwa.

Ruta nyingi zikikutana katika mtandao mdogo mmoja, huchagua mmoja wa kupokea habari na kuwasambazia wengine, pamoja na msaidizi wake. Tunapendekeza "msemaji" na "msemaji msaidizi". Inafaa kueleza kwamba akija baadaye mwenye sifa kubwa zaidi, msemaji aliyepo haondolewi. Anangojwa mpaka atoke mwenyewe.

Neno "gharama" lahitaji tahadhari. Si fedha. Ni namba ambayo kila kiungo hupewa, na njia yenye jumla ndogo ndiyo ifuatwayo. Kwa kawaida namba hiyo hupatikana kwa kugawa megabiti 100 kwa kasi ya kiungo: kiungo cha megabiti 10 kwa sekunde kina gharama 10, na cha megabiti 100 kina gharama 1. Kiungo cha megabiti 1,000 nacho hupewa 1, kwa sababu hesabu hiyo haishuki chini ya moja. Hivyo swichi isiyorekebishwa huona barabara ya lami na njia ya vumbi kuwa sawa. Mafundi walio wengi husema "kosti", na sisi hatuoni dhambi. Lakini katika maandishi "gharama ya njia" itaeleweka na wasiosoma Kiingereza.

Kuhusu uelekezaji usio tuli, maneno "geugeu" na "badilifu" yamejitokeza. La kwanza lina lawama ndani yake, maana kigeugeu si mtu wa kuaminiwa, ilhali mtandao huu waaminika zaidi. La pili linasema tu kwamba kitu hubadilika, bila kusema kwa nini. Tunapendekeza "uelekezaji wa kujirekebisha".

Ama "swichi" na "ruta", tuyaache yalivyo. Swichi ilifika nyumbani kwetu pamoja na taa, ikiwa ya kuwasha na kuzima. Leo ni chombo cha kupambanua ujumbe huu uende mlango upi. Maana imepanuka, na wasemaji wameikubali bila kutuomba ruhusa.

9. Mei 2024

Mwezi Mei mwaka 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, mvua kubwa ziliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika sehemu za Somanga, wilayani Kilwa. Barabara ya kuzunguka kutoka Lindi na Mtwara kwenda Dar es Salaam ikawa ile ya Masasi, Tunduru, Songea, Njombe na Iringa. Njia hiyo ni ndefu mno, lakini ipo. Isingalikuwapo kwa namna hiyo kama barabara ya Makambako hadi Songea isingaliwekwa lami katika miaka ya 1980, na ile ya Songea hadi Tunduru katika miaka ya 2010. Mji uliozoea kuitwa mwisho wa njia ukawa njia ya watu wengine.

Mwezi huo huo, tarehe 12, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadhoofika Tanzania na katika nchi jirani. Maofisini yalisikika maneno mawili: "hakuna mtandao" na "mtandao uko chini". La pili limenakiliwa kutoka Kiingereza neno kwa neno, na yote mawili hayamwambii mwananchi kitu. Mtandao ulikuwapo. Kilichotokea ni kwamba njia zilipungua, na ujumbe ulielekezwa upya katika zile chache zilizosalia, zikasongamana. Taifa lililoweza kueleza kwa Kiswahili fasaha kwa nini gari la Mtwara lapita Songea lingeweza pia kueleza kwa nini barua pepe ya Songea yachelewa. Lililokosekana ni istilahi zilizokubaliwa.

10. Mapendekezo

Kutokana na maelezo haya, tunayaweka mbele ya wasomaji maneno yafuatayo ili yajadiliwe:

Uelekezaji njia: kazi ya kuamua ujumbe upite wapi.
Uelekezaji tuli: ule ambao njia zake huandikwa na fundi na hazibadiliki hadi azibadilishe.
Uelekezaji wa kujirekebisha: ule ambao ruta zenyewe hubadili njia hali inapobadilika.
Uenezaji: kupeleka habari za viungo kwa majirani wote.
Kanda: kundi la viungo ambavyo ruta zake zina ramani moja.
Kanda kuu, au kanda sifuri: kanda ambayo kila kanda nyingine sharti iiguse.
Ruta ya mpakani: ruta yenye viungo katika kanda kuu na katika kanda nyingine.
Muhtasari wa njia: tangazo moja linalowakilisha anwani nyingi.
Gharama ya njia: namba inayotumika kulinganisha njia.
Msemaji: ruta iliyochaguliwa kupokea na kusambaza habari kwa wenzake.
Mlango kimya: mlango usiopeleka salamu.

Kanuni tuliyoifuata ni moja: neno lifuate kazi ya kitu, lisifuate sura ya neno la kigeni. Tangu BAKITA ilipoundwa mwaka 1967, istilahi zilizodumu ni zile ambazo mtumiaji aliziona zinamsaidia kufanya kazi yake siku hiyo hiyo. Kwa hiyo tunawaomba hasa mafundi wa mikoani, walio na swichi mbele yao, wayajaribu maneno haya kazini na kutuandikia pale yanapowakwaza. Neno likimfanya fundi wa Tunduru kuona kosa lilipo kabla ya jua kutua, tutalisajili. Likimpoteza, tutalifuta na kutafuta jingine.